Sydney kwa saa tano tu: Manly, Bondi au kuzunguka bandarini kwa miguu?

Baharia_wa_Mtongwe
Wakuu habari za saa hizi. Niko jikoni kwenye meli ya kitalii, na Jumamosi tunaingia Sydney. Kifungua kinywa cha abiria kikiisha natoka kama saa nne na nusu asubuhi, na saa kumi jioni natakiwa niwe nimeshavaa aproni tena. Ukitoa foleni ya getini na muda wa kuoga, zinabaki saa tano, pengine pungufu kidogo. Mwenzangu wa Unguja hataki kusikia kingine ila ufuo wa Bondi, kisa ameuona kwenye televisheni. Mimi naegemea kwenda kwa boti mpaka Manly, kitongoji chenye ufuo ng'ambo ya ghuba. Kuna Mfilipino wa kitengo chetu naye anasema tusiende mbali, tuzunguke palepale Circular Quay, bandari ya boti katikati ya mji, tupige picha na Opera House, lile jumba la maonyesho lenye paa jeupe, tule, turudi. Mliofika huko mnashauri kipi? Bajeti ni ya baharia, mnajua wenyewe.

Mkaazi_Blacktown
Karibu sana mkuu. Ila kabla ya Manly na Bondi, uliza kwanza meli yenu inafunga gati lipi. Sydney ina vituo viwili vya meli za abiria. Kimoja ni Overseas Passenger Terminal, hapo Circular Quay, ukishuka tu Opera House hiyo mbele yako ng'ambo ya maji. Kingine ni White Bay, upande wa Balmain, kilichofunguliwa 2013. Kinachoamua mara nyingi ni urefu wa meli kwenda juu: chini ya Harbour Bridge, daraja kubwa la bandarini, pana nafasi ya mita 49 tu, na meli kubwa za siku hizi hazipiti. Hizo hufunga Circular Quay. Ndogo ndizo zinazopita chini ya daraja kwenda White Bay.

Ukiwa Circular Quay, gati za boti ziko dakika chache kwa miguu. Ukiwa White Bay hakuna treni. Ni teksi, au basi la meli kama lipo, la sivyo utembee kwanza ndipo ufike kituo cha basi la kawaida. Katika saa zako tano utakuwa umeshapoteza nyingi kwenda na kurudi.

Baharia_wa_Mtongwe
Nimeuliza. Ni Circular Quay. Meli yetu ni ghorofa inayoelea, chini ya daraja haiingii hata tukivua kofia.

Kibo_Juu
Mimi ningeenda Blue Mountains. Bahari mnaiona kila siku, kaoneni milima! Yale majabali matatu ya Three Sisters pale Katoomba ni kitu kingine.

Mkaazi_Blacktown
@Kibo_Juu treni ya Katoomba kutoka Central, stesheni kuu ya Sydney, ni kama saa mbili. Kwenda na kurudi ni saa nne. Watashuka, watapiga picha moja, watakimbilia treni. Na treni ya kurudi ikichelewa, meli haimsubiri mpishi. Hiyo ni ya mtu anayelala mjini.

Nahodha_Mstaafu_Tanga
Nimefanya kazi baharini miaka mingi, na bandari ile naijua. Kijana, nenda Manly. Sababu yangu ni moja: Sydney yenyewe ni ile ghuba. Ukipanda basi kwenda Bondi umeipa mgongo. Ukipanda boti ya Manly, kwa dakika 30 unaiona yote: Opera House kwa upande wa maji, daraja likibaki nyuma, ngome ndogo ya Fort Denison katikati ya maji, halafu mnafika mahali ghuba inapofunguka, North Head upande mmoja na South Head upande wa pili. Pale wimbi la bahari kuu linaingia moja kwa moja na boti inacheza. Kaa nje, upande wa kulia wakati wa kwenda.

Boti za kawaida zinaondokea gati namba 3. Iko na boti ya kasi ya kampuni binafsi, ni kama dakika 20, ila nauli yake ni habari nyingine. Ya kawaida inakutosha. Ukishuka Manly, unapita mtaa wa watembea kwa miguu uitwao The Corso, dakika kama tano hivi, na upande wa pili ni ufuo wa bahari kuu. Ukibaki na muda, fuata njia ya kando ya maji kuelekea kulia mpaka Shelly Beach, maji yake yametulia kuliko ufuo mkubwa.

Zungu_la_Pwani
Na mimi nimtetee yule Mzanzibari, maana naona anaonewa. Bondi si televisheni tu. Ukianzia upande wa kusini, pale kwenye bwawa la Icebergs, kuna njia ya kutembea juu ya majabali. Ukienda nayo mpaka Coogee ni kilomita 6, lakini nyie ishieni Bronte. Tamarama mnaipita katikati. Bwawa la Icebergs ni la kulipia. La Bronte limechongwa kwenye mwamba vilevile, linajazwa na bahari ileile, na ni bure. Baharia mwenye bajeti anapaswa kulijua hilo.

Kosa la wengi ni kupanda basi 333 toka Circular Quay na kukaa humo mpaka mwisho. Jumamosi ya kiangazi linajaa na barabara inaganda. Tembeeni mpaka Martin Place, dakika kumi hivi, mchukue treni ya T4 hadi Bondi Junction, ndipo mpande 333 kwa kipande kilichobaki.

Halafu @Nahodha_Mstaafu_Tanga, wimbi likiwa kubwa pale mdomoni mwa ghuba boti za Manly husimamishwa na watu wanarudishwa kwa mabasi. Hilo hujalisema mzee.

Nahodha_Mstaafu_Tanga
Ni kweli, hutokea. Ndiyo maana asubuhi meli ikiingia mtakuwa mmeshajua. Kama sufuria zimeteleza jikoni wakati mnapita kati ya zile Heads mbili, badilisheni mpango.

MamaNadia_Arusha
Mwanangu, mimi nilifika kama abiria, na magoti yangu si ya kijana, kwa hiyo nipo upande wa huyo Mfilipino. Watu wanadharau kutembea hapohapo bandarini, lakini ni saa tatu nzuri kabisa na hulipi kitu. Anza The Rocks, kwenye Cumberland Street kuna ngazi za kupandia darajani. Njia ya miguu iko upande wa mashariki, ule unaotazama Opera House, na ni bure. Wale unaowaona juu kabisa ya tao wamevaa mikanda wamelipia pesa nyingi. Njiani ipo nguzo ya mawe yenye ngazi 200 za ndani, ya kulipia pia lakini nafuu kuliko kupanda tao. Mimi niliitazama tu kwa chini. Ukivuka mpaka Milsons Point, rudi kwa boti.

Opera House usiishie kupiga picha kwa mbali. Panda zile ngazi, sogea mpaka uweze kugusa paa. Kwa mbali linaonekana jeupe pe, kumbe vigae vyake ni vya aina mbili, vingine vinang'aa na vingine vimefifia, rangi ya maziwa, vimepangwa kama mkeka wa ukili. Vinazidi milioni moja. Yule msanifu wa Denmark, Jørn Utzon, aliacha kazi 1966 baada ya kutofautiana na serikali, jengo likafunguliwa 1973, na hakurudi kuliona mpaka anakufa. Mimi hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Kisha ingia Royal Botanic Garden, iko mlango wa pili, nayo bure. Ukitaka kula, kula mbali na maji. Shakwe wa pale wananyakua chipsi mkononi mwa mtu bila haya.

Mkaazi_Blacktown
Ngoja niongeze mambo ya nauli, maana hapo ndipo wageni wanaliwa. Huhitaji kununua kadi ya Opal, ile ya nauli ya hapa. Gusa kwa kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard ukipanda, gusa tena ukishuka, kadi ileile. Kuna kikomo cha nauli kwa siku, na kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kikomo hicho kinashuka sana. Jumamosi yenu imekaa vizuri. Kila mtu na kadi yake lakini, hamuwezi kugusa moja kwa watu watatu.

Pili, msishuke na chakula cha melini. Tufaha moja ulilosahau mfukoni linaweza kukuletea faini. Watu wa usalama wa mimea na wanyama hapa hawana mzaha.

Tatu, saa. Mnatokea wapi?

Baharia_wa_Mtongwe
Brisbane.

Mkaazi_Blacktown
Basi sikiliza. Kiangazi Sydney inakuwa mbele ya Brisbane kwa saa moja, maana Queensland, jimbo la Brisbane, hawasogezi saa. Simu itajibadilisha yenyewe mkifika, meli inaweza isibadilishe. Shukeni na saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli, na hiyo ndiyo muifuate.

Zungu_la_Pwani
Na kokote mtakakoogelea, Manly au Bondi, ni katikati ya bendera nyekundu na njano tu. Kujua kuogelea Jambiani hakukusaidii kitu kwenye mkondo unaovuta nje. Ule wa kusini mwa Bondi una mpaka jina lake, kwa jinsi unavyobeba wageni.

Baharia_wa_Mtongwe
Asanteni sana. Tumekaa mesi tumepiga kura: boti ya Manly ya kwanza tutakayoikuta, saa moja na nusu kule, turudi, halafu Opera House na bustani ya MamaNadia mpaka muda uishe. Mzanzibari amekubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba wimbi likiwa kubwa tunaenda Bondi bila mjadala. Kuanzia Alhamisi anaangalia utabiri wa hali ya hewa kila nusu saa, na sina hakika anaomba nini.

Swali la mwisho: pale karibu na gati, Wi-Fi ya bure ya kupiga simu nyumbani iko wapi? Ya melini ni bei mbaya.

Mkaazi_Blacktown
Customs House, jengo la forodha la zamani, linatazamana na gati za boti. Ndani kuna maktaba ya umma. Ukiingia angalia chini: mfano mdogo wa katikati ya jiji uko chini ya sakafu ya kioo. Ila kwa saa zenu za mchana, Mtongwe kutakuwa bado alfajiri, kwa hiyo mpigie anayeamka mapema.