Ukoo wa Tororo: Rehema anauliza kabla hajahama kazi

Rehema: Assalamu alaikum wote. Mnajua usiku huwa nasoma kuandika programu. Sasa mwalimu wetu ametupa kazi: kila mtu aandike nguvu zake ni zipi na anathamini nini, kabla ya kuchagua upande wa kubobea. Tangu magharibi nimekaa na karatasi na haina kitu. Nimeona niwaulize nyinyi mnaonijua.

Mama: Waalaikum salaam mwanangu. Mimi nauliza kwanza ada ya mtoto. Klaringi, hiyo kazi yako ya kutoa mizigo forodhani, unaiacha lini?

Rehema: Siiachi sasa, Mama. Mchana bado niko Malaba, mpakani na Kenya. Ila kazi pale si ile ya zamani. Tangu forodha ya pamoja ya Afrika Mashariki ianze 2014, mizigo mingi ya Uganda inalipiwa ushuru ikiwa bado bandarini Mombasa. Ikifika mpakani ni kuhakiki karatasi na kupita. Kazi yetu imepungua na sioni ikirudi.

Yusufu: Kwetu madereva ni afadhali kubwa, dada, lakini najua imewaumiza nyinyi.

Mjomba Ramadhani: Rehema, mimi nitasema wazi. Hiyo kompyuta ni ya vijana waliotoka chuo juzi. Wewe una mtoto, una kazi, unaanza upya na nani?

Hamza: Mjomba, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Marekani kulikuwa na mama anaitwa Grace Hopper, mwalimu wa hesabu chuoni. Mwaka 1943, mwaka aliotimiza miaka 37, akajiunga na jeshi la majini, na huko ndiko alikopewa kazi ya kompyuta. Mwaka 1952 akatengeneza kompaila, programu inayogeuza maandishi ya mtu yawe amri za mashine. Alistaafu 1986 na cheo cha admirali.

Mjomba Ramadhani: Mwanajeshi?

Hamza: Mwanajeshi, Mjomba. Na ule ualimu wa hesabu hakuutupa, aliingia nao. Rehema naye haanzi na mikono mitupu. Dada, hebu waeleze ile programu yako ya kontena.

Rehema: Ni ndogo tu. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba. Ile tarakimu ya mwisho inatokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, maana 11, 22 na 33 zinarukwa. Ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, hivyo hivyo mpaka ya kumi kwa 512. Unajumlisha, unagawa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Baki likiwa 10, inaandikwa 0. Chukueni mfano wa vitabuni, CSQU3054383. Jumla ni 6185, ukigawa kwa 11 inabaki 3, na kweli namba inaishia na 3. Karani akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu inakataa. Nimeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu: unaweka namba, inakujibu ni sawa au si sawa.

Yusufu: Kumbe! Miaka yote nasoma namba ubavuni mwa kontena sijui ya mwisho ina kazi gani.

Mama: Mimi sijaelewa ila nimefurahi.

Shangazi Zaina: Nimesoma yote. Rehema, nimefundisha Tororo mpaka nikastaafu, nikupe la mwalimu. Usiandike sifa. Ukiandika "mimi ni makini", hata mvivu anaandika hivyo. Andika ulilofanya. Yusufu, mwambie lile la mchele.

Yusufu: Ee, lile! Nilibeba mchele, karatasi ziko tayari, mwenye mzigo ananihimiza niondoke. Nikamtumia dada picha tu aone. Akanipigia: ankara inasema mchele mzima, paking listi, yaani orodha ya vilivyopakiwa, inasema chenga. Mimi nikamwambia mchele ni mchele. Akasema hapana, msimbo wa forodha wa mchele uliokobolewa ni 1006.30, wa chenga ni 1006.40, karatasi zako zinapingana. Zikarekebishwa kabla sijatoka. Ningekamatwa njiani ningelala na huo mzigo nani ajuaye mpaka lini.

Shangazi Zaina: Umeona? Ana jicho la kuona karatasi mbili zinapobishana. Hamza, huko kwenu kwenye programu hilo lina kazi?

Hamza: Shangazi, hilo ni nusu ya kazi yangu! Kuandika programu wengi wanajifunza. Kusoma kitu kinachoonekana kizuri ukagundua kinapopingana, huyo mtu tunamtafuta kwa tochi. Dada, angalia upande wa kupima programu, au wa data. Usikimbilie kupamba kurasa za mtandao kwa sababu wenzako wote wameenda huko.

Rehema: Hilo naliandika. Na la thamani je?

Shangazi Zaina: Hilo ulishalijibu bila karatasi. Yule mteja aliyetaka bei ya ankara ishushwe ili ushuru upungue, ulimfanyaje?

Rehema: Nilikataa. Akahamisha kazi zake zote.

Mama: Mwezi ule ulikuwa mgumu. Nakumbuka tulivyokula. Lakini sikukulaumu hata siku moja.

Rehema: Najua Mama.

Hamza: Basi nikuulize jambo ambalo mimi mwenyewe niliulizwa. Kuna kazi za programu za kamari, na zile za mikopo ya simu zinazopigia jamaa na majirani wa mdaiwa kumwaibisha. Zinatafuta watu na zinalipa. Utakwenda?

Rehema: Hapana. Mama wa jirani yangu alipigiwa hivyo mbele ya wakwe zake. Siwezi kukaa usiku kucha naandika kitu cha kumfanyia mtu vile. Afadhali mshahara mdogo kwenye programu za mizigo, au za kumwonyesha dereva karatasi zake zimefika wapi.

Hamza: Liandike hivyo hivyo ulivyolisema. Usilisafishe.

Mjomba Ramadhani: Rehema mwanangu, mimi nilikuwa naogopa utaacha unachokijua. Naona hukiachi. Nakuunga mkono.

Rehema: Allah akuzidishie, Mjomba. Umenipa nguvu kweli.

Mama: Haya, kuanzia Jumamosi hii mtoto aje alale kwangu, wewe usome. Ila ada ya muhula huu iwe kando kabla hujanunua bando.

Rehema: Iko kando tayari, Mama.

Yusufu: Dada, hiyo programu inakubali kwenye simu? Kesho napakia Mombasa, nitakutumia namba ya kontena ukague.

Rehema: Tuma. Picha iwe ya karibu, herufi zote zionekane.