Ganda jembamba wakati wa joto: je, niongeze vitamini kwenye maji?

Swali:
Ndugu wafugaji, nina kuku 300 wa mayai wenye umri wa wiki 40. Tangu joto la mchana lifikie nyuzi 34, wanahema midomo wazi huku wameachia mabawa, wanabakiza chakula, na mayai mengi yana ganda jembamba kiasi kwamba mengine hupasuka mkononi ninapoyaokota. Kwa siku 10 nimewapa unga wa vitamini, ambao huukoroga alfajiri kwenye tangi lililoko juani, nao huyanywa maji hayo hadi jioni. Sioni nafuu. Je, niongeze kipimo, au nimekosea aina ya vitamini?

Jibu la kwanza:
Ndugu, kabla ya kuongeza kipimo, litazame kwanza hilo tangi. Kuku hujitengenezea vitamini C katika figo, ndiyo maana kwa kawaida hahitaji kuongezewa, lakini joto likizidi mahitaji yake huushinda uwezo wa mwili, na hapo miligramu 200 hadi 250 kwa kila kilo ya chakula humsaidia. Shida ni kwamba vitamini hiyo huharibika upesi katika maji ya moto, kwenye mwanga, na inapokutana na klorini au kutu, kwa hiyo kufikia saa nane mchana yumkini kuku wako wanakunywa rangi tu. Koroga kiasi kitakachokwisha ndani ya saa chache, katika ndoo ya plastiki iliyo kivulini, na uwape mapema kabla jua halijakolea. Vitamini E, ambayo hulinda seli za mwili dhidi ya madhara ya joto, ni afadhali ichanganywe kwenye chakula.

Jibu la pili:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila kuhusu ganda nadhani vitamini inasingiziwa. Kuku anapohema sana hupoteza kaboni dayoksaidi, na baikaboneti katika damu, ambayo mwili huitumia kutengeneza kaboneti ya ganda, hupungua, ilhali ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Isitoshe, anayebakiza chakula hukosa pia sehemu ya zile gramu 4 hivi za kalsiamu anazohitaji kwa siku. Vitamini D3 husaidia kalsiamu kufyonzwa, lakini haiwezi kufyonza kisichomezwa! Wape chakula alfajiri na jioni kunapopoa, na jioni uongeze mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa punje kubwa, kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku na punje hizo huyeyuka polepole tumboni. Vitamini A na D usizizidishe kwa kubahatisha, maana hubaki mwilini na zikirundikana hudhuru.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Nimeugusa mgongo wa tangi saa saba nikauondoa mkono haraka. Pakiti yenyewe nilikuwa nimeiweka wazi juu ya rafu, chini ya bati, na unga umeshaanza kugandamana. Je, sodiamu baikaboneti (soda ya kuokea) inafaa?

Jibu la pili:
Inafaa, ila ichanganywe kwenye chakula na chumvi ya kawaida ipunguzwe, ili sodiamu isizidi na kinyesi kikawa majimaji. Unga uliogandamana yumkini umepungua nguvu. Utupe, na mwingine uuhifadhi umefungwa vizuri mahali penye baridi na giza. Tangi nalo liezeke leo hii, kwa sababu kuku hukwepa maji ya moto hata akiwa na kiu.