Mjadala: Mita 60 za ufukwe wa Ziwa Victoria zipimwe kuanzia mstari gani?

MLETA MADA

Ndugu wanajukwaa,

Kila mwaka, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1, Wizara ya Ardhi huwasilisha bungeni hesabu ya kazi ya upimaji: viwanja na mashamba yaliyopimwa, ramani zilizoidhinishwa, mipaka ya vijiji, alama za msingi (nguzo za marejeo ambazo vipimo vingine huanzia) zilizosimikwa na mipaka ya kimataifa iliyoimarishwa. Huisoma taarifa hiyo kwa makini kwa kuwa ninaishi Ilemela, na nimefikia msimamo ambao naomba tuujadili: katika mkoa wa Mwanza, kazi ya mwaka ujao itangulize kupima na kusimika mstari wa kudumu wa ufukwe wa Ziwa, na kiwanja chochote kipya kinachopakana na maji kisubiri mpaka mstari huo uwepo ardhini na kwenye ramani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Umbali tumepewa, lakini kifungu hicho hakisemi kama ukingo huo ni wa maji ya kiangazi, ya masika, au ya mwaka ambao Ziwa limejaa kupita kawaida. Katika Ziwa letu tofauti hiyo ni kubwa mno. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha usawa wa maji kwa zaidi ya mita 2, na mwezi Mei 1964 kipimo cha usawa wa maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.41. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne hadi Mei 2020, kipimo hicho kiliposoma mita 13.42, baada ya maji kupanda zaidi ya mita moja ndani ya miezi michache.

Kupanda huko kunamaanisha mambo mawili tofauti katika mji mmoja. Penye majabali, kama Capri Point, maji yakipanda mita moja ukingo husogea hatua chache tu. Penye tambarare ambayo ardhi yake huinuka mita moja kwa kila mita 100, kupanda huko huko husogeza ukingo mita 100 nchi kavu, yaani kupita eneo zima la hifadhi la mita 60 na kuendelea hadi ndani ya kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja hicho anaweza kuwa alijenga akiwa na vibali vyote, na mpima aliyempimia akawa alifuata sheria kikamilifu, kwa sababu mita 60 zilipimwa siku ambayo maji yalikuwa mbali. Nani amekosea hapo? Mimi nasema hakuna aliyekosea ila mfumo unaopima kutoka kwenye kitu kinachohama.

Majirani zetu wa Ziwa hili hili wameutaja mstari wao. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinatenga mita 200 kwa maziwa makubwa, zikihesabiwa kutoka usawa wa chini wa maji. Kenya, katika kanuni zake za ubora wa maji za 2006, ilitumia, kwa kingo za mito na vijito, usawa wa juu kabisa wa mafuriko yaliyowahi kurekodiwa, ingawa upana wake ni mdogo, kati ya mita 6 na 30. Mtu anaweza kubishana na chaguo la kila nchi, lakini mpima wa huko anajua aanzie wapi. Napendekeza sisi tuchague kimo kimoja, ambacho ni kile cha maji ya juu kabisa yaliyorekodiwa, tukipime ufukweni kote, tusimike bikoni (nguzo za kudumu za mpaka), kisha mita 60 zihesabiwe kutoka hapo bila kujali maji yako wapi siku hiyo.

MCHANGIAJI, MKAZI WA IGOMBE

Ndugu mleta mada, nimekusoma na nimekuelewa, lakini naomba nawe uelewe hofu yetu watu wa mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki. Sisi bikoni ikisimikwa tunajua kinachofuata ni alama nyekundu ya X ukutani, ya kubomolewa. Dagaa huanikwa mchangani, mitumbwi huvutwa mchangani, mama anayekaanga samaki hukaa pale pale wanaposhushia wavuvi. Huwezi kuupeleka mwalo mita 60 kutoka majini ukabaki mwalo. Ukisogeza mstari hadi kwenye maji ya juu kabisa, umeongeza idadi ya watu wa kuhamishwa, na sijaona popote katika andiko lako ukitaja fidia. Halafu nauliza: wenye hoteli na nyumba kubwa zilizopakana na maji, zenye hati, mstari huu utawagusa? Au utasimama kwenye uzio wao na kuendelea upande wa pili?

MCHANGIAJI, MPIMA MSTAAFU

Nimefanya kazi ya upimaji kanda hii ya Ziwa, kwa hiyo nitazungumzia utekelezaji. Kufuata kimo kimoja ufukweni kunahitaji alama za msingi zenye vimo vinavyoaminika na vinavyosomana na kipimo cha maji cha hapa Mwanza, maana namba ya Jinja haiwezi kuhamishiwa kwenye ramani ya Tanzania bila kuunganishwa kwanza na vimo vyetu. Vifaa vya satelaiti vimerahisisha sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini ndani ya matete kijana bado atatembea na fimbo ya kupimia, maji yakimfika magotini.

Ugumu halisi uko kwenye fedha. Kiwanja kina mlipaji. Katika urasimishaji wa makazi, yaani kuyapima makazi yaliyojengwa bila mpango ili yapate hati, mwananchi huchangia gharama, na William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi aliwahi kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Mstari wa ufukwe hauna mlipaji, hauuzwi wala hauleti kodi ya pango la ardhi. Ndiyo sababu katika mpango kazi wa mwaka huandikwa mwishoni, na fungu likipungua hukatwa wa kwanza.

MLETA MADA

Mzee, nakushukuru, hoja ya mlipaji umeieleza vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Kwa maoni yangu inathibitisha kwamba gharama hiyo ni ya serikali kuu na isiachiwe halmashauri, ambayo mapato yake hutegemea kwa sehemu viwanja vile vile inavyotakiwa kuvizuia. Idara ya Upimaji na Ramani tayari hushughulikia mipaka ya taifa kwa fedha ya umma. Mpaka wetu na Uganda umekatiza katikati ya Ziwa hili kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, na hakuna mwananchi anayedaiwa mchango kwa ajili yake. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapa Mwanza, ishirikishwe kwa vipimo vya maji. Wala si lazima ufukwe wote umalizike katika mwaka mmoja: kazi ianzie kwenye ghuba tambarare, ambako mita moja ya maji humeza ardhi nyingi, na majabali yasubiri, kwa kuwa huko ukingo hausogei sana.

Ndugu yangu wa Igombe, ni kweli fidia sikuitaja, nami naitaja sasa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati kwa anayenyang'anywa haki yake, na mstari ninaoutetea hauondoi wajibu huo. Kwa mialo, kifungu hicho cha 57 kinampa Waziri wa mazingira uwezo wa kutoa kanuni na miongozo ya shughuli zinazofaa ndani ya mita 60. Kushusha samaki na kuanika dagaa ni shughuli zinazohitaji maji kwa asili yake, hivyo eneo la mwalo lipimwe kwa jina lake, lichorwe kwenye ramani na kuandikwa kuwa ni mwalo, BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa mwalo) ikiwepo siku ya kusimika bikoni. Mwalo usiochorwa popote ndio ulio rahisi kuvamiwa na mwenye hati.

Kuhusu hoteli, jibu langu ni ndiyo, mstari upite ndani ya uzio. Kupita hakumaanishi kubomoa siku hiyo hiyo. Kunamaanisha kwamba ramani ionyeshe ni sehemu ipi ya kiwanja iliyo ndani ya hifadhi, na kibali kipya cha ujenzi kisitolewe kwa sehemu hiyo. Kama kuna anayeona kipimo hicho kinamwonea mwenye hati halali ya kabla ya 2004, naomba aeleze mstari mbadala angeuweka wapi, na kwa kimo kipi.