Mtu wa Lamu ataamini upweke wa fletini?

Kijana wa Langoni:
Asalaam aleykum. Kikundi chetu hapa Lamu tunataka kuigiza The Zoo Story ya Edward Albee, ule mchezo wa 1959, watu wawili tu na benchi la bustani New York. Peter ana mke, mabinti wawili na fleti nzuri, Jerry anakaa kachumba gorofa ya nne na ana fremu mbili za picha hazina picha. Sasa shida yangu ni hii, huku mtu akifungua mlango tu kashakuta watu barazani, hujapiga mswaki ushaulizwa umeamkaje. Watazamaji wataamini kweli mtu anaishi nyumba moja na majirani na hana hata mmoja wa kuongea naye? Ama tuubadilishe uwe wa huku?

Mama Kaimati, Malindi:
Wataamini mwanangu. Mi naishi fleti hapa Malindi mwaka wa pili sasa, geti la chuma, kila mtu na kufuli lake. Jirani wa ukutani namjua kwa kikohozi na sufuria zake, sura hapana. Ramadhani ya kwanza nikajaza sahani ya kaimati nikaenda, hodi, hodi, ndani tivi ikazimwa na hakufungua mtu, nikarudi na sahani yangu. Kwa hiyo pale Jerry anapomtaja yule mwanamke wa gorofa ya tatu, anayemjua kwa kilio tu nyuma ya mlango, msipapite mbio jamani, muwaache watu wanyamaze.

Mwalimu wa zamani:
Iacheni ibaki New York vile vile. Ila tazameni mwisho, Jerry anamwambia Peter sogea, anasogea, sogea tena, mpaka wanagombania benchi na kisu kinatoka na Jerry anajichoma kwenye kisu alichoshika mwenzake. Kwetu sogea ni karibu, mtu akija barazani watu hubanana hata pakiwa na shubiri moja. Wakimuona Peter anakasirikia neno hilo wataelewa bila kuelezwa. Chezeni juu ya baraza, seremala msimsumbue.

Kijana wa Langoni:
Hiyo sogea nimeisoma mara kumi na sikuiona, shukran sana maalim. Mama, yule jirani ulikuja kumuona?

Mama Kaimati, Malindi:
Mara moja, kwenye ngazi, kabeba dumu la maji. Kasema naomba njia, nikampisha.