MJADALA: Ulimwengu unazidi kutanuka. Je, fedha za umma ziendelee kumpeleka binadamu angani?

Kilimia
Wakuu, salaam. Swali ni la fedha za umma, na naomba tulijadili kwa hesabu. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalipima supanova (nyota zinazolipuka) za aina ya Ia, yakakuta kwamba ulimwengu unatanuka na kutanuka kwenyewe kunashika kasi. Perlmutter, Schmidt na Riess wakapewa Nobel ya 2011. Maana yake ni kwamba nuru inayoondoka hapa leo haitaifikia kamwe galaksi yoyote iliyo mbali zaidi ya miaka nuru bilioni 16 na ushei. Tunachokiona kinafika bilioni 46. Chukua uwiano wa hizo mbili, uupandishe kwa kipeo cha tatu, utaona kwamba kama asilimia 95 ya galaksi zilizo ndani ya upeo wa tunachokiona zimeshafungwa, hata tungekuwa na chombo cha kasi ya nuru kinachoondoka dakika hii. Tutakaobaki nao ni Kundi Jirani: Njia Nyeupe yetu, Andromeda, galaksi ya Pembetatu na makumi ya galaksi ndogo zinazozizunguka.

Tukijua hivyo, serikali ziendelee kulipia safari za binadamu, au fedha ziende kwenye darubini na vyombo visivyo na watu? Mimi nasema binadamu aende. Chombo kinachoongeza mwendo kwa g moja (sawa na mvutano wa Dunia) mfululizo, kikageuka katikati ya njia na kupunguza kwa g moja, kinafika Andromeda kwa miaka 28 ya saa za ndani. Fizikia imeruhusu. Wengi wanaopinga ni woga tu unawasumbua.

Fundi Mitambo
Kabla ya kumwita mtu mwoga, piga hesabu ya mafuta. Kanuni ya roketi ya Tsiolkovsky ipo tangu 1903 na haijabadilika: uzito wa kuanzia ukigawanywa kwa uzito wa kumalizia unakua kwa kipeo cha mwendo unaoutaka juu ya kasi ya moshi unaotoka nyuma. Haidrojeni na oksijeni hutoa moshi kwa km 4.5 kwa sekunde. Taka sehemu ya kumi tu ya kasi ya nuru kwa injini hiyo, uwiano wa mafuta unakuwa namba yenye tarakimu karibu 2,900. Idadi ya atomi zote katika ulimwengu tunaouona ina tarakimu 80 hivi.

Hiyo miaka 28 yako ni kweli kwa saa za ndani. Umeacha kusema kwamba nje inapita miaka milioni 2.5, na kwamba hata roketi kamilifu, inayogeuza mafuta yote kuwa nuru bila kupoteza chochote, inahitaji tani bilioni 4 na zaidi za mafuta kwa kila kilo 1 inayofika. Kwa kila kilo, mkuu. Bado hujapakia mtu wala kiti chake.

Mbiu ya Anga
Hayo ya mafuta tuyaache kidogo, mimi nina shida na namba ya mwanzo. Kanuni ya Hubble ya 1929 iko wazi: kasi ya kutukimbia ni umbali mara H, yaani kipimo cha kutanuka kwa ulimwengu. Weka H ya km 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (miaka nuru milioni 3.26), kasi ya nuru inafikiwa kwenye miaka nuru bilioni 14. Ng'ambo ya hapo galaksi inatukimbia kwa kasi kuliko nuru, haionekani wala haifikiki. Hiyo 16 imetoka wapi?

Bi Zohali
Mbiu, unachanganya mipaka miwili. Bilioni 14 ni umbali wa Hubble, mahali ambapo kasi ya kutanuka inalingana na nuru leo. Bilioni 16 na ushei ni upeo wa matukio, na huo ndio mpaka wa safari. Galaksi nyingi tunazozipiga picha kila usiku ziko ng'ambo ya umbali wa Hubble. JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa 2024 kutokana na darubini ya James Webb, ina mhamo mwekundu (kipimo cha jinsi kutanuka kulivyoivuta nuru yake) unaozidi 14, na sasa hivi inatukimbia kwa zaidi ya mara mbili ya kasi ya nuru. Mbona tunaiona?

Kwa sababu H inashuka. Nuru iliyoelekezwa kwetu ilianza kwa kurudishwa nyuma na anga lililokuwa likitanuka chini yake, lakini kadiri H ilivyopungua umbali wa Hubble ulisogea nje, ukaipita ile nuru, na kuanzia hapo ikaanza kukaribia. Kwa kielelezo cha kawaida H inaelekea kutulia kwenye 56 hivi, na umbali wa Hubble kwenye bilioni 17 na nusu. Huo utulivu ndio unaofunga mlango. Bila nishati ya giza, ile inayofanya kutanuka kushike kasi, H ingeendelea kushuka, na chombo cha nuru chenye subira kingefika popote.

Mbiu ya Anga
Dada, hakuna haja ya kunieleza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Hoja yangu ni kwamba namba hizi zinatangazwa kama amri wakati wenyewe hawajakubaliana. Setilaiti ya Planck inatoa H ya 67.4, wanaotumia sefeidi (nyota zinazopanda na kushuka mwangaza kwa mpigo) na supanova wanatoa 73. Na mradi wa DESI unaochora ramani ya galaksi, matokeo ya 2024 na tena 2025, unaashiria nishati ya giza inadhoofika. Ikidhoofika, upeo wa matukio unasogea, na ile asilimia 95 inabadilika.

Bi Zohali
Ishara ya DESI haijafikia sigma 5, kiwango cha uhakika cha kutangaza ugunduzi, inapanda na kushuka kulingana na supanova unazoziunganisha nayo. Kuitaja ni haki yako. Kuijengea sera ya fedha za watu, hapana.

Kilimia
Namjibu Fundi. Nani amesema twende kwa haidrojeni na oksijeni? Chama cha British Interplanetary Society kilichora mradi wa Daedalus kati ya 1973 na 1978: fyusheni (kuunganisha viini vya atomi) ya deuteri na heliamu-3, vidonge 250 kwa sekunde vinalipuliwa ndani ya injini kwa miali ya elektroni, chombo kinafika asilimia 12 ya kasi ya nuru, na nyota ya Barnard, miaka nuru 6 hivi, inafikiwa kwa karibu miaka 50. Mchoro upo, namba zipo. Injini ya roketi za leo si kipimo cha uwezo wa binadamu.

Fundi Mitambo
Afadhali umeutaja mwenyewe. Daedalus ilikuwa na uzito wa tani 54,000, na tani 50,000 kati ya hizo ni mafuta. Heliamu-3 peke yake tani 30,000, ambazo ilibidi zivunwe kutoka angahewa la Mshtarii kwa sababu hapa duniani hazipo. Haikubeba mtu hata mmoja. Na haikuwa na breki! Ilipangwa kuipita nyota ya Barnard ikiwa kwenye mwendo ule ule.

Ukitaka kusimama, uwiano unajizidisha wenyewe. Kama kuanza mwendo kunataka tani 10 za kuanzia kwa kila tani 1 inayobaki, kuanza na kusimama kunataka 100. Wanaoandika kwamba "tutapunguza mwendo tukifika" hawajawahi kuchora tangi la pili.

Halafu vumbi. Chembe ya miligramu 1 ikikigonga chombo kwenye asilimia 10 ya kasi ya nuru inaachilia nishati sawa na kilo 100 hivi za TNT. Daedalus ilivaa ngao ya beriliamu yenye unene wa milimita 7 na uzito wa hadi tani 50, kwa chombo kisicho na watu. Ukipanda hadi asilimia 60 ya kasi ya nuru, haidrojeni ya kawaida iliyotawanyika kati ya nyota, kiasi cha atomi moja kwa sentimita ya ujazo, inakuingia usoni kama protoni za MeV 235 (volti-elektroni milioni 235) kila moja. Ombwe lenyewe linakuwa boriti ya mnururisho. Huo ndio woga wangu, na una vipimo.

Siha ya Anga
Nyote mnabishana juu ya injini, na mwenye mwili amesahauliwa. Kifaa cha RAD kilichosafiri na roboti Curiosity kwenda Mirihi kilipima mnururisho wa milisiverti 1.84 kwa siku ndani ya chombo. Kwenda na kurudi kwa siku 360 ni milisiverti 660. Kikomo cha NASA kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600. Yaani jirani wa karibu tu ameshavuka kikomo. Mifupa inayobeba uzito hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi bila mvutano. Hilo lina dawa: zungusha chombo. Mizunguko 2 kwa dakika, ambayo watu wengi huizoea, inataka nusu kipenyo cha mita 224 ili upate g moja. Ukifupisha, itabidi uzungushe haraka zaidi na watu watatapika kila wakigeuza kichwa.

Lakini kitakachowaua ni hewa. Biosphere 2, jengo lililofungwa hewa, Arizona, 1991 hadi 1993, watu 8: oksijeni ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi 14 na kidogo katika miezi 16.

Mbiu ya Anga
Biosphere 2! Ule haukuwa utafiti, yalikuwa maonyesho. Walipulizia oksijeni kutoka nje Januari 1993 na jaribio likaharibika hapo hapo. Mtu anayeutumia kama ushahidi hana ushahidi.

Siha ya Anga
Kaka, hawakupulizia kwa hila, walipulizia kwa sababu watu walikuwa wanashindwa kupanda ngazi. Na sababu ilipatikana, hiyo ndiyo thamani yake. Udongo uliwekwa mbolea hai nyingi kupita kiasi, vijidudu vikala oksijeni na kutoa kabonidioksidi. Kwa kawaida mimea ingeigeuza tena. Haikuweza, kwa sababu zege la kuta, ambalo halikupakwa kinga, liliinyonya kabonidioksidi na kuigeuza chokaa. Oksijeni ikafungiwa ndani ya ukuta. Mizani yote ya hewa ilivunjwa na kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha ya mfumo wa hewa. Wewe unaliita maonyesho, mimi naliita jaribio lililotuonyesha kosa ambalo hakuna mchoro uliolitabiri.

Kituo cha Kimataifa cha Anga kinarudisha asilimia 98 ya maji, kilifikia hapo 2023. Oksijeni hakifiki karibu na hapo. Kimetumia mchakato wa Sabatier: kabonidioksidi pamoja na haidrojeni hutoa maji na methani. Methani inatupwa nje, na inaondoka na nusu ya haidrojeni. Ukikosa haidrojeni, takriban nusu ya oksijeni huirudishi. Mtu anatumia kilo 0.84 kwa siku. Watu 8 kwa mwaka ni tani 2.45. Poteza nusu kwa miaka 50, ni tani 61 za oksijeni peke yake, bila matangi. Sasa zizidishe kwa 100 za Fundi.

Fundi Mitambo
Tani 6,100 za kuanzia ili watu wanane wapumue. Kilimia, hizo ziweke kwenye mchoro wako.

Kilimia
Mmehama swali na mmekimbilia kituo ambacho hakijawahi kubuniwa kwa safari ya miaka 50. Kituo kinaletewa shehena, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuziba pengo. Upo mchakato wa Bosch unaorudisha oksijeni yote, kwa sababu unatoa maji na kaboni tupu, hakuna methani. Haujafungwa kwa sababu haukuhitajika. Ukimpeleka binadamu mbali utahitajika, na utajengwa. Ndiyo hoja yangu ya fedha za umma tangu mwanzo.

Bi Zohali
Mimi ninapinga kwa sababu nyingine, na kutanuka kwa ulimwengu hakumo. Ndani ya Kundi Jirani anga halitanuki, mvutano umeshalishinda. Andromeda inakuja upande wetu kwa km 110 kwa sekunde. Hata lango la mbali linafungwa polepole mno: kundi la galaksi la Virgo, miaka nuru milioni 54 kutoka hapa, litachukua zaidi ya miaka bilioni 100 kutoweka kabisa. Anayesema "tuwahi kabla mlango haujafungwa" anatisha watu bure.

Kinachonichoma ni watoto. Chukua Proxima, miaka nuru 4.24, kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru: miaka 42 bila kuhesabu kuongeza na kupunguza mwendo. Anayeondoka na miaka 30 anafika na zaidi ya 72. Breki zitashikwa na waliozaliwa njiani, ambao hakuna aliyewauliza, na ambao mnururisho waliupokea tangu tumboni. Kwa Mirihi mtu mzima anatia saini mwenyewe. Kwa nyota, saini inatiwa na mzazi kwa niaba ya maisha yote ya mwingine. Fedha za umma zisilipie hilo.

Mbiu ya Anga
Kuhusu Andromeda umesahau kwamba utafiti wa 2025 uliishusha ile ajali ya galaksi mbili kuwa nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Na watoto wote huzaliwa bila kuulizwa, hapa duniani pia.

Bi Zohali
Hapa duniani akikua anaweza kuhama. Mle ndani hakuna pa kuhamia.

Siha ya Anga
Kilimia, turudi kwenye Bosch maana umeipitia juu juu. Tatizo lake ni masizi. Mtu mmoja anatoa kama kilo 1 ya kabonidioksidi kwa siku, ndani yake mna gramu 270 za kaboni. Watu 8 kwa mwaka ni karibu kilo 800 za unga mweusi, na unga huo unaota juu ya kichocheo chenyewe, chuma au nikeli, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 500. Unafunika uso wa kichocheo, mchakato unapoa, unafungua tanuru, unabadilisha. Kila kichocheo kinachotupwa ni uzito uliotoka nyumbani. Na unga ukiingia kwenye feni na mapafu una tatizo jingine. Niambie kichocheo chako kinasafishwaje bila kutupwa.

Kilimia
Basi fedha ziende huko: tanuru la Bosch likae chini hapa duniani, kwenye chumba kilichofungwa, liendeshwe miaka 10 bila kichocheo kipya. Hilo ni bajeti ndogo kuliko roketi moja kubwa.

Fundi Mitambo
Chini, bila watu, mimi nasaini leo. Lakini ulianza na Andromeda kwa miaka 28 na kutuita waoga. Sasa unaomba tanuru.

Mbiu ya Anga
Fundi, acha kumkaba mtu kwa sentensi ya kwanza. Na ile ngao ya beriliamu uliyoitaja, ilihesabiwa kwa vumbi la njia ya kuelekea Barnard. Kuelekea Proxima msongamano wa vumbi umeuchukua wapi?