Naomba ushauri: ridhaa ya mzazi kwenye utafiti wa watoto wa dharura

Habari zenu wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu watoto wanaofikishwa mapokezi hali mbaya: viganja vya baridi, ukibonyeza kucha damu inachelewa kurudi. Msimamizi wangu anataka fomu ya ridhaa isainiwe kwanza. Jamani, mama amembeba mtoto anayehema kwa shida, nimpe kurasa tatu asome?

Najua FEAST, utafiti wa maji ya mshipa kwa watoto mahututi uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulitumia ridhaa ya mdomo kwanza, maandishi baadaye. Na tazama faida yake: matokeo ya 2011 yalionyesha waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48, karibu 10.5 kwa kila 100 dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Wengi tuliamini kinyume.

Waliowahi kupitisha maombi ya namna hii NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Tanzania), mlijengaje hoja? Mtoto akifariki kabla ya fomu, mfiwa mnamfuata? Na akiletwa na bibi (wodini kwetu ni kawaida kabisa), ridhaa yake inatosha au nimsubiri baba kwenye simu?