Nimebadilisha zinki ya mguu, sasa usukani wavuta kulia mpaka mkono wafa ganzi

KijanaWaTudor, Jumanne saa 3 usiku

Assalam aleikum wadau wa baharini. Nina jambo lanikosesha usingizi.

Boti yangu ni ya futi 21, injini ndani na mguu nje, hizi waziitazo stendraivu. Mguu ni MerCruiser Alpha One, propela moja, yazunguka kulia. Usukani ni wa kebo tu, hauna pawa ya kuusaidia mkono. Naegesha Tudor, Mombasa, napeleka wageni marine park upande wa Nyali na Bamburi, na siku moja moja natoka na watu wa mshipi wanaotaka kolekole.

Wiki iliyopita wakati wa bamvua, maji yalipokauka, tuliilaza mchangani fundi akabadilisha zinki, kile kipande cha metali kinachoukinga mguu na kutu. Si zile za kwenye silinda za trimu, zinazoinua na kushusha mguu, ni ile iliyo chini ya bamba, juu kidogo ya propela kwa nyuma, ina umbo la pezi la papa. Ya zamani ilikuwa imekwisha. Ukiigusa kwa kucha yabomoka kama biskuti iliyokaa kwenye chai. Mpya ikaingia, inang'aa, fundi akachukua chake akaenda.

Kesho yake natoka na wageni sita. Chini ya daraja la Nyali mwendo wa taratibu, hakuna neno. Nimepita English Point, Fort Jesus iko kulia kwangu, bado sawa. Kufika nje nikafungua mafuta, boti ikaamka, na usukani nao ukaamka. Wavuta kulia. Si kidogo, wavuta kama mbuzi aliyeona majani. Nikauachia sekunde moja tu nichukue simu mfukoni, boti ikajipinda kulia ghafla, mama mmoja wa watu chai yake yote ikamwagikia magotini. Alhamdulillahi ilikuwa imepoa.

Nilirudi mkono wa kushoto wauma mpaka begani. Fundi nimempigia, asema kebo imekufa, ninunue mpya, na yeye ataifunga. Hiyo kebo na kazi yake yapita elfu thelathini. Kabla ya zinki haikuwa hivi! Ilikuwa ikivuta kidogo miezi ya karibuni, lakini ni kuvuta kwa kuzoeleka.

Swali langu: kipande cha zinki cha kiganja kimoja chaweza kugeuza boti ya zaidi ya tani moja? Ama mimi ndiye natafuta mchawi?

---

Bahari_ni_Yangu

Ni kebo, sikiliza fundi wako. Ama ulipakia wageni wote upande mmoja wakipiga picha. Zinki ni ya kutu, haina uhusiano na usukani. Mimi ng'ambo ya Likoni nilitoa hilo pezi nikaweka zinki bapa, mwaka wa pili huu sina shida.

---

SpanaKumi_Mtwapa

Bahari, wewe una usukani wa haidroliki, nimeiona boti yako. Pawa ndiyo yakufichia. Wenye pawa pezi lao laweza kukaa katikati na mkono usihisi kitu. Huyu kijana ana kebo kavu, kila kinachotokea kule nyuma chamjia mkononi.

KijanaWaTudor, mwanangu, usinunue kebo. Fanya hivi kwanza. Boti imesimama, injini imezimwa, mguu uko chini majini. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Ukienda sawasawa pande zote mbili, kebo haina kosa. Kebo iliyoshika kutu haichagui upande, wala haingoji boti ipate mwendo ndipo iudhi.

Sasa hilo pezi. Lina kazi mbili, na watu wengi wajua moja. Ya kwanza ni kuliwa na bahari badala ya mguu wako wa aluminiamu. Ya pili ni kuwa usukani mdogo. Propela ikizunguka, shafti yake mara nyingi hailali sawasawa na maji yanayopita chini ya boti. Jani linaloshuka lang'ata maji zaidi kuliko linalopanda, msukumo wahamia upande mmoja, na mguu mzima wataka kugeuka. Kwa propela ya kulia, mguu ukiwa umeingizwa ndani, mvuto huwa wa kulia. Kwa mwendo mdogo hakuna unachohisi. Ukifungua mafuta ndiyo wakushika mkono.

Babangu alikuwa nahodha wa jahazi la kwenda Lamu. Kana, yaani mkono wa usukani, ikimlemea hakushindana nayo kwa mabavu kutoka Mombasa mpaka Shela, alitengeneza tanga kana ikapoa. Hapa kwetu kinachotengenezwa ni pezi.

Simama nyuma ya boti uitazame propela. Usukani ukivuta kulia, yaani boti yageuka kulia kwa raha na kushoto kwa taabu, sogeza ncha ya nyuma ya pezi KULIA. Ukivuta kushoto, sogeza ncha KUSHOTO. Najua yaonekana kinyume, hata mimi nilibishana na aliyenifundisha. Lakini fikiria maji: ncha ikiwa kulia, maji yapiga ubavu wa kulia wa pezi na kulisukuma kushoto, nalo laubeba mguu. Mkia wa mguu ukienda kushoto, boti yaelekea kushoto. Mvuto wa propela na msukumo wa pezi vyakutana vyauana, mkono wako wapumzika.

Legeza, sogeza kiasi cha unene wa shilingi, kaza, nenda kajaribu. Usisogeze nyingi kwa pupa, na boti iliyo na mvuto mkali usiiachie usukani hata kwa simu ya mkeo. Yaweza kukutupa majini.

Jaribu kwa mwendo unaotumia kila siku, na trimu uliyoizoea, na watu ndani. Ukiinua mguu sana mvuto waweza kuhamia kushoto, na pezi likitoka juu ya maji halifanyi chochote. Kwa hiyo utalilinganisha kwa mwendo wako wa kawaida, na mwendo mwingine ukivuta kidogo usihangaike.

Bolti yake haionekani kwa chini. Nyuma ya mguu, juu ya bamba, kuna kizibo cha plastiki. Kitoe, tia soketi yenye ekstensheni ndefu.

Swali moja: fundi wako kabla hajatoa la zamani, aliweka alama lilikokuwa limeelekea?

---

KijanaWaTudor

Mzee Spana, shukrani. Usukani nimeujaribu kama ulivyosema, injini imezimwa. Waenda kwa vidole viwili, kushoto na kulia sawasawa. Kwa hivyo kebo iko hai na elfu thelathini zangu ziko hai.

Alama hakuweka. Lakini jioni maji yalipotoka niliingia chini na tochi ya simu, nimelala chali kwenye tope, na nimeona kitu. Chini ya bamba, rangi ya zamani imeacha kivuli cha pezi lililotangulia. Unajua picha ikikaa ukutani miaka mingi ukaitoa? Vile vile. Na kile kivuli kimekwenda upande, ncha yake iko kulia, kama upana wa kidole cha mwisho. Hili jipya limenyooka katikati kama msumari, laikata ile alama. Fundi aliona kunyooka ndiko kuzuri!

Sasa nafahamu hata ule mvuto wa miezi ya karibuni. Pezi lilikuwa lapungua kwa kuliwa, na kadiri linavyopungua ndivyo nguvu yake ilivyopungua. Mimi nilidhani nazeeka.

Jambo jingine, na hili naona haya kulisema. Alipomaliza tulikuwa na rangi ya chini iliyobaki, ile ya buluu ya kuzuia vile vikombe vigumu vya baharini visigande kwenye boti. Tukapaka mguu mzima. Na zinki pia. Ilipendeza.

---

MwalimuMstaafu_Kisauni

Kijana wangu, hapo kwenye rangi umenishtua kuliko kwenye usukani.

Nilifundisha kemia miaka mingi, na zinki ya boti nilikuwa naitumia darasani. Metali mbili zikiguswa pamoja ndani ya maji ya chumvi, ile iliyo nyepesi kutoa umeme wake ndiyo huliwa, nyingine husalimika. Kwa kipimo cha umeme, zinki iko chini ya aluminiamu ya mguu wako kwa kama robo ya volti, basi ndiyo inayojitoa. Lakini lazima iguse maji upande mmoja na metali upande mwingine. Ukiipaka rangi umeifunga mdomo. Itakaa hapo nzuri, ya buluu, nzima, na mguu utaanza kutoboka. Zinki inayokaa mwaka hailiwi si ya kujivunia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alifunga vipande vya zinki na chuma kwenye shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita za kwao. Shaba ikaacha kuliwa kama alivyotabiri. Halafu likatokea asilolitarajia: shaba isiyoliwa ikaanza kuota magugu na makombe, meli zikawa nzito, wakaviondoa vile vipande. Ile sumu ya shaba inayoyeyuka kidogo kidogo ndiyo ilikuwa ikiwafukuza wadudu.

Na hapo ndipo swali langu la pili. Rangi yenu ya buluu ina shaba? Kama inayo, haifai kwenye mguu wa aluminiamu hata kidogo. Shaba na aluminiamu ndani ya maji ya Tudor, aluminiamu ndiyo itakayolipa. Tafuta rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya kupakwa aluminiamu, imeandikwa kwenye mkebe.

Zinki ikwangue kwa msasa mpaka ing'ae. Na pale inapokaa kwenye mguu pawe pasafi, pasiwe na rangi wala grisi kati yao.

---

Bahari_ni_Yangu

Haya, nimekaa kimya. Ila zinki yangu nayo nimepaka. Kesho naenda kukwangua.

---

MzukaWaKilindini

Mimi nina Volvo Penta ya Duoprop, propela mbili zazunguka kinyume, moja yaifuta nyingine, na usukani wangu ni maji ya kunywa. Zinki zangu hazina pezi kabisa kwa sababu hakuna cha kusawazisha. Nasema tu ili mtu asije akanunua pezi la Alpha akitaka kulifunga kwangu.

Pia jihadhari na duka. Rafiki yangu aliletewa na jamaa kutoka Kisumu anodi (hizi hizi tunazoziita zinki) za bei rahisi, kumbe ni za magnesi, za maji baridi. Kwa ziwa sawa. Huku kwenye chumvi ziliyeyuka kama sukari. Bahari yetu yataka zinki au aluminiamu.

---

SpanaKumi_Mtwapa

Mzuka kasema kweli. Aluminiamu hata bora kwako, kijana, kwa sababu mvua za masika zikinyesha huko juu ya Tudor mnapata maji yaliyochanganyika, na hapo zinki huweza kujivika ngozi ngumu ikalala usingizi. Ukifika nusu ya pezi limeliwa, badilisha, usingoje libomoke kama biskuti.

Na kivuli ulichokiona ni zawadi. Anzia hapo hapo.

---

KijanaWaTudor, Jumapili saa 8 mchana

Wadau, ripoti.

Jana maji mafu, hayakauki sana, sikuweza kuilaza, nikaingia majini nyuma ya boti, yamefika kifuani. Zinki nimeikwangua rangi yote kwa msasa, kucha zangu bado ni za buluu. Mkebe wa rangi nimeusoma: ina shaba. Mguu mzima nitaukwangua bamvua lijalo, mke wangu ameshaambiwa sitakuwepo.

Mara ya kwanza nilisogeza ncha kulia unene wa shilingi tu, nikatoka na wanangu wawili na magunia matatu ya mchanga badala ya wageni. Injini mizunguko 3,500 kwa dakika. Bado wavuta, lakini wavuta kama mtoto, si kama mbuzi. Nikarudi. Mara ya pili nikaifikisha kwenye kile kivuli hasa. Nikatoka tena nje ya mwamba. Wallahi nilishika usukani kwa vidole vitatu, boti yaenda kama imewekwa kwenye reli. Nikashikwa na tamaa nikasema niongeze kidogo iwe tamu zaidi, mara ya tatu ikaanza kuvuta kushoto. Nikarudisha kwenye kivuli, nikakaza, na sasa nimepiga mistari miwili ya msumari kwenye bamba ili fundi yeyote ajaye aione.

Nikiinua trimu mpaka juu kwa mawimbi madogo, wavuta kushoto kidogo kama Mzee Spana alivyosema. Nashusha, watulia.

Fundi nimempigia kumweleza. Akasema, "Ah, kumbe lile pezi hugeuzwa?" Mwanamume ana miaka kumi na mitano kwenye kazi. Sikumgombeza, kwani mimi ndiye niliyeleta brashi ya rangi.

Shida moja imebaki. Kile kizibo cha plastiki cha juu ya bolti kiliniponyoka, kikazama kwenye tope la Tudor, nimekitafuta kwa miguu nusu saa. Kuna mwenye cha ziada Mombasa hii, au mwenye mguu wa Alpha uliokufa? Nitakuja kukichukua mwenyewe, hata kama ni Mtwapa.